Kabla ya Muziki Kupigwa: Kanuni za Kufunga Vifaa vya Sauti Katika Magari ya Mashindano

Mashindano ya sauti za magari ni michuano ambayo magari yaliyofungwa redio, amplifaya na spika za ziada hupimwa na majaji kwa vigezo vitatu vikuu: ubora wa sauti, yaani jinsi muziki unavyosikika kwa uasilia na kwa mpangilio masikioni mwa mtu aliyeketi kiti cha mbele, shinikizo la sauti, yaani ukubwa wa sauti unaopimwa kwa desibeli kwa kutumia kifaa maalumu, na ufungaji, yaani namna vifaa vyenyewe vilivyopachikwa, vilivyounganishwa kwa nyaya na vilivyolindwa ndani ya gari. Vigezo viwili vya kwanza ndivyo vinavyokusanya watu uwanjani, lakini cha tatu ndicho kinachomzuia mshindani asiungue pamoja na gari lake, na ndicho kinachohusika katika mwongozo huu.

Michuano hiyo ilikua kwanza Marekani katikati ya miaka ya 1980, wakati ambapo magari kama Terminator, gari la kubebea maiti la Cadillac lililogeuzwa na Wayne Harris kuwa chombo cha muziki, yalianza kubeba spika na amplifaya kwa wingi ambao mitambo ya umeme ya magari haikuwahi kukusudiwa kuuhimili. Baadaye vilijitokeza vyama vyenye vitabu vya kanuni, vikiwemo IASCA na MECA vya Marekani, EMMA ya Ulaya, na dB Drag Racing iliyoasisiwa na Harris huyohuyo kwa ajili ya mashindano ya shinikizo la sauti. Kila chama kina madaraja yake: wanaoanza hushindana na wanaoanza, na gari linalotumika barabarani kila siku halipangwi pamoja na gari lililong'olewa siti zote na kujengewa ukuta wa spika. Kwa hiyo jambo la kwanza la mshindani ni kupata kitabu cha kanuni cha mwaka husika, kwa kuwa vitabu hivyo hurekebishwa mara kwa mara, kuchagua daraja kabla ya kununua hata skrubu moja, na kukumbuka kwamba kipimo chochote kinachotajwa humu kikitofautiana na cha kitabu hicho, cha kitabu ndicho kinachofuatwa.

Kanuni za ufungaji zina manufaa hata kwa mtu ambaye hatashindana kamwe. Mwenye teksi ya Dar es Salaam anayeongeza sabufa nyuma ya siti, na mwenye matatu ya Nairobi anayefunga amplifaya nne ili abiria wapate burudani, wote wanaongeza mzigo uleule wa umeme katika gari ambalo kiwanda hakikulipangia mzigo huo, na hatari inayowakabili ni ileile ambayo kanuni za mashindano ziliwekwa ili kuizuia.

Fyuzi na sentimeta 45 za kwanza

Betri ya gari ya kawaida ina volteji ndogo kiasi kwamba mtu mwenye mikono mikavu anaweza kuvigusa vichwa vyake viwili bila kudhurika, lakini ina uwezo wa kutoa mkondo wa mamia ya ampea, na hata zaidi ya ampea 1,000 kwa muda mfupi, endapo waya wa chanya utagusana moja kwa moja na bodi ya gari; hali hiyo ndiyo mafundi wanayoiita kupiga shoti. Mkondo wa ukubwa huo huupasha waya joto hadi ganda lake la plastiki likayeyuka na kushika moto katika muda mfupi sana, na kwa kuwa waya wa amplifaya hupita chini ya zulia na kando ya siti, moto huanzia mahali ambapo dereva hapaoni. Fyuzi ni kipande chembamba cha metali kilichopimwa ili kiyeyuke na kukata njia ya umeme kabla waya haujafikia joto hilo.

Kanuni inayopatikana karibu katika kila kitabu cha Marekani inataka fyuzi kuu iwekwe ndani ya inchi 18, yaani sentimeta 45 hivi, kutoka kwenye kichwa cha betri, urefu huo ukipimwa kwa kuufuata waya wenyewe pamoja na mikunjo yake yote. Sababu yake iko wazi mtu akitafakari njia ya umeme: kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote, kwa maana kikichubuka na kugusa chuma mahali hapo, umeme utapita bila kukutana na fyuzi, hata kama fyuzi hiyo ni ya gharama kubwa. Kadiri kipande hicho kinavyokuwa kifupi ndivyo nafasi ya ajali inavyopungua, na fundi makini hachukulii sentimeta 45 kuwa shabaha. Huiweka fyuzi karibu zaidi ya hapo kila nafasi inaporuhusu, na kipande kilichobaki hukivika bomba la plastiki linalostahimili joto la injini.

Kosa lililoenea zaidi kuhusu fyuzi ni kudhani kwamba kazi yake ni kuilinda amplifaya. Amplifaya ina fyuzi zake yenyewe, zilizopachikwa ubavuni mwake na mtengenezaji. Fyuzi iliyo karibu na betri inaulinda waya, na kwa hiyo ukubwa wake huchaguliwa kwa kuangalia mkondo ambao waya huo unaweza kuubeba salama. Mtu anayefunga waya mwembamba na kuuwekea fyuzi ya ampea 200 kwa sababu ile ya ampea 80 ilikuwa inakatika mara kwa mara hajatatua tatizo lolote, kwani amehamisha tu mahali pa kuyeyuka kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye waya. Baya zaidi ni desturi ya kuziba nafasi ya fyuzi iliyoungua kwa kipande cha waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, desturi inayoonekana katika gereji nyingi za mitaani na ambayo katika ukaguzi wa mashindano ni sababu tosha ya gari kuzuiwa lisishindane.

Hesabu ya kuchagua fyuzi si ngumu, na kila mshindani anapaswa kuweza kuifanya mbele ya jaji. Amplifaya yenye uwezo halisi wa wati 1,000 za mfululizo, ikiwa ni ya aina inayoitwa daraja D ambayo hugeuza takribani asilimia 80 ya umeme inaoupokea kuwa nguvu ya kusukuma spika, inahitaji kuvuta wati 1,250 kutoka kwenye betri. Wati hizo zikigawanywa kwa volti 13.8, ambayo ni volteji ya kawaida injini inapozunguka, jibu ni ampea 90 hivi. Fyuzi ya ampea 100 inafaa, mradi waya uwe na unene wa kuhimili ampea 100. Hesabu hiyohiyo ikifanywa kinyumenyume humwezesha mnunuzi kupima ukweli wa maandishi ya kwenye kasha: amplifaya iliyoandikwa wati 5,000 lakini ikiwa na fyuzi mbili za ampea 30 ubavuni haiwezi kuvuta zaidi ya ampea 60 kwa muda mrefu bila kuzikata, nazo ampea 60 zikizidishwa kwa volti 13.8 na kwa asilimia 80 huleta wati 660 hivi. Jaji mzoefu husoma fyuzi kabla ya kusoma kasha.

Mambo mawili zaidi huwapotezea washindani alama nyingi. La kwanza ni kupunguza unene wa waya bila fyuzi mpya: waya mnene unapofika nyuma ya gari na kugawanywa katika nyaya mbili au tatu nyembamba za kwenda kwenye amplifaya tofauti, fyuzi kuu haiwezi tena kuzilinda nyaya hizo nyembamba, na hivyo kila tawi linapaswa kuanza na fyuzi yake palepale linapochipukia. La pili ni betri ya ziada iliyofungwa kwenye buti. Waya unaounganisha betri mbili una chanzo cha umeme katika kila ncha, hivyo ukichubuka katikati utalishwa kutoka pande zote mbili. Fyuzi moja ya mbele ikikatika, betri ya nyuma itaendelea kuuchoma. Kwa sababu hiyo waya huo huwekewa fyuzi mbili, kila moja ikiwa karibu na betri yake.

Unene wa waya, na waya unaojifanya shaba

Unene wa nyaya za sauti hutajwa kwa namba za Kimarekani ambazo humchanganya anayeanza, kwa kuwa namba ikipungua unene huongezeka: waya wa namba 8 una milimita za mraba 8 hivi, wa namba 4 una 21, na ule unaoitwa sifuri una zaidi ya 53. Waya mwembamba huleta madhara mawili, joto na upungufu wa volteji. Kwa mfano uliotolewa juu, ampea 90 zikipita katika mita 5 za waya wa shaba wa namba 4, volteji hupungua kwa kiasi cha volti 0.37 kabla ya kufika kwenye amplifaya, na takribani wati 33 hupotea njiani kama joto. Waya wa sifuri ungepunguza upotevu huo hadi karibu volti 0.15.

Hesabu hizo zinadhania kwamba waya ni wa shaba tupu, na hapo ndipo mnunuzi wa Afrika Mashariki anapaswa kuwa macho zaidi. Sehemu kubwa ya nyaya za bei nafuu zinazouzwa kama za shaba ni za alumini iliyopakwa utando mwembamba wa shaba, nayo metali hiyo mchanganyiko hupitisha umeme kwa kiwango cha asilimia 60 na ushee tu cha kile cha shaba. Waya huo hauharamishwi na kila kitabu, lakini ni lazima uwe mnene zaidi ili kubeba mkondo uleule, na fyuzi yake ichaguliwe kwa uwezo wake halisi. Kuutambua kunahitaji kisu kidogo tu: sehemu ndogo ya ganda huchunwa, uzi mmoja hutolewa kwenye fungu na kukwaruzwa kwa ncha ya kisu, uzi wa shaba hubaki mwekundu hadi ndani, ilhali ule wa alumini hufunua weupe unaong'aa chini ya wekundu. Kuna pia waya wa shaba uliopakwa bati ambao ni mweupe kwa nje na mwekundu kwa ndani, nao ni mzuri sana kwa magari ya pwani kwa sababu bati huizuia shaba isioteshwe ukungu wa kijani na hewa ya chumvi. Uzito nao hutoa ushahidi, kwani rola ya alumini ni nyepesi kwa namna ambayo mkono huihisi mara moja.

Ethi na kutu

Ethi ni njia ya kuurudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari, na hupewa heshima ndogo kuliko waya wa chanya ingawa mkondo unaopita humo ni uleule. Kanuni zinataka waya wa ethi uwe na unene usiopungua ule wa chanya, uwe mfupi kadiri inavyowezekana, na ukazwe kwa bolti kwenye chuma kilicho sehemu ya bodi yenyewe. Rangi hukwanguliwa hadi chuma cheupe kionekane, pete ya shaba iliyobanwa kwenye ncha ya waya hulazwa hapo, bolti na nati hukazwa, kisha ndipo sehemu yote hupakwa rangi au grisi juu yake ili unyevu usiingie. Fundi anayepaka grisi kabla ya kukaza, au anayetegemea meno ya bolti yapenye rangi yenyewe, ataona kazi yake ikifaulu wiki ya kwanza na ikianza kuleta mlio wa ajabu baada ya miezi michache, hasa Mombasa, Tanga au Unguja ambako kutu haihitaji mwaliko.

Bolti za mikanda ya usalama hazitumiki kwa ethi. Zinavutia kwa kuwa ni nene na zimeshikwa na chuma imara, lakini zimekazwa kiwandani kwa kipimo maalumu, na pete iliyoongezwa chini yake hubadilisha namna zinavyoshika siku ya ajali. Bolti za tangi la mafuta na za mabomba ya breki nazo zimo katika katazo hilo.

Kupima ethi kwa multimita iliyowekwa kwenye omu hakusaidii sana, kwa sababu ukinzani unaotafutwa ni wa sehemu ndogo sana za omu ambazo kifaa cha kawaida hakiwezi kuzisoma. Kipimo chenye maana hufanywa muziki mzito ukipigwa: ncha moja ya multimita huwekwa kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye kichwa cha hasi cha amplifaya, na volteji inayosomeka ndiyo inayopotea katika ethi. Ikiwa ni sehemu ndogo ya volti, kama 0.1 au 0.2, kazi ni nzuri. Ikifika nusu volti, kuna mahali palipolegea, penye rangi au penye kutu. Katika magari yenye amplifaya kubwa inafaa pia kuongeza nyaya nene mahali patatu chini ya boneti, yaani kutoka altaneta hadi chanya ya betri, kutoka hasi ya betri hadi bodi, na kutoka injini hadi bodi, kwa kuwa nyaya za kiwandani zilipimwa kwa mahitaji ya taa na stata tu. Ule wa altaneta nao unahitaji fyuzi.

Njia ya waya kutoka boneti hadi buti

Waya mkuu hupenya ukuta wa chuma unaotenganisha injini na sehemu ya abiria, na hapo ndipo jaji hupeleka tochi yake mapema. Tundu lolote lililotobolewa kwenye chuma lina ukingo mkali kama wembe, na mtetemo wa gari huusugua waya kwenye ukingo huo kila siku hadi ganda linakatika. Hivyo kila tundu la chuma huvalishwa raba, yaani pete ya mpira inayoukumbatia waya, bila kujali waya ni mnene au mwembamba. Ni vema kutumia tundu lililokwisha kuwekwa na kiwanda, na ikilazimu kutoboa jipya, fundi achungulie kwanza upande wa pili, kwa maana nyuma ya ukuta huo huwa kuna mafungu ya nyaya za gari, mabomba ya breki na mitambo ya kiyoyozi.

Kuanzia hapo waya usipite popote unapoweza kukanyagwa, kubanwa na reli ya siti, kujisokota kwenye nguzo ya usukani au kuguswa na pedali, na chini ya gari usikaribie bomba la moshi. Hufungwa kwa vibana vya plastiki kila baada ya sentimeta 30 hivi, ukiegemea kitu kisichosogea, na ukivutwa kwa mkono usiteleze. Nyaya za ishara, ambazo hubeba muziki dhaifu kutoka kwenye redio hadi kwenye amplifaya, hupitishwa ubavu mwingine wa gari ili zisiokote kelele za umeme, ingawa ieleweke kwamba ule mlio unaopanda na kushuka kwa kufuata kasi ya injini mara nyingi hutokana na ethi mbovu, na kuhamisha nyaya peke yake hakutauondoa. Kwenye nguzo za kioo cha mbele, ambako washindani wa ubora wa sauti hupenda kupachika twita, yaani spika ndogo za sauti nyembamba, ni lazima kwanza kujua kama gari lina mifuko ya hewa ya pazia inayofunguka kutoka darini wakati wa ajali, kwa kuwa twita iliyowekwa juu ya njia ya mfuko huo hurushwa usoni mwa abiria.

Uimara wa kilichofungwa

Boksi la sabufa lililotengenezwa kwa mbao za MDF, likiwa na spika mbili za inchi 12 ndani yake, linaweza kuwa na kilo 40 au zaidi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, boksi hilo huendelea mbele kwa msukumo unaolingana na uzito wa zaidi ya kilo 550, na kinacholizuia kufika kwenye migongo ya waliokaa mbele ni bolti zilizolishikilia na mgongo wa siti ya nyuma. Kwa kuzingatia hesabu hiyo, kanuni haziridhiki na boksi lililochomekwa tu likabana, wala na skrubu za mbao zilizopenya zulia. Zinataka bolti zinazopita hadi chini ya bati la sakafu, zikiwa na washa pana, yaani kisahani cha chuma kinachotawanya nguvu ili bolti isichane bati, pamoja na nati za aina isiyolegea kwa mtetemo. Kabla ya kutoboa sakafu, mtu hulala chini ya gari na kuhakikisha kwamba bolti haitatokea kwenye tangi la mafuta. Hili ni jambo ambalo halipaswi kuachiwa kumbukumbu.

Jaji hulijaribu boksi kwa kulisukuma na kulivuta kwa mikono miwili, na gari likitikisika pamoja nalo, hapo boksi limefungwa. Boksi likitikisika peke yake, alama huondoka. Amplifaya nazo hushikwa hivyohivyo, lakini hazikazwi juu ya boksi la sabufa lenyewe, kwa sababu mtetemo wa besi hulegeza viungo vyake vya ndani na skrubu hutoboa boksi lisilotakiwa kuvuja hewa. Pia huachiwa nafasi ya kupumua: amplifaya za zamani za daraja AB hugeuza karibu nusu ya umeme wake kuwa joto, na zikifichwa ndani ya paneli zilizozibwa kwa ajili ya uzuri, bila feni wala matundu, hujizima katikati ya tathmini.

Betri ya ziada na magari ya volti 24

Betri ya asidi ya kawaida inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa iliyoizunguka. Kwa hiyo betri ya maji haiwekwi katika sehemu wanamokaa watu isipokuwa ndani ya sanduku lililofungwa lenye bomba la kutoa gesi nje ya gari, na wengi hutumia betri zilizozibwa za aina ya AGM, ambazo asidi yake imenyonywa na sufi ya kioo na haimwagiki. Hata hizo hufungwa kwa ukanda wa chuma au kitako cha bolti, na kichwa cha chanya hufunikwa ili spana iliyoanguka isiunganishe chanya na hasi.

Wasomaji wa Tanzania na Kenya wanakabiliwa na jambo moja ambalo vitabu vya Marekani havilishughulikii sana. Mabasi madogo mengi na baadhi ya magari ya dizeli yaliyotoka Japani hutumia volti 24 zinazotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano, ilhali amplifaya za kawaida zimetengenezwa kwa volti 12. Mafundi wengi huchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo mbili, na muziki hupiga, lakini betri hiyo hunyonywa peke yake huku ile nyingine ikizidi kuchajiwa, na zote mbili hufa mapema, moja kwa njaa na nyingine kwa kuchemka. Njia sahihi ni kutumia kifaa cha kushushia volteji chenye uwezo wa ampea zinazohitajika, kikiwa na fyuzi pande zote mbili.

Dereva, abiria na masikio

Katika madaraja ya magari ya barabarani, kanuni zinadai kwamba gari libaki gari: milango ifunguke, mikanda ifanye kazi, vioo vya pembeni na cha nyuma vionekane, breki ya mkono isizuiwe na boksi. Madaraja ya juu ya shinikizo la sauti huruhusu mengi zaidi, lakini nayo yana masharti yake makali kuhusu watu. Magari ya daraja la juu hupita desibeli 170 ndani, na kwa sababu hiyo kipimo huchukuliwa milango ikiwa imefungwa, muziki ukiendeshwa kutoka nje na kifaa cha kupimia kikiwa kimebandikwa kwenye kioo cha mbele. Kwa ulinganisho, wataalamu wa usalama kazini hushauri mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8, na muda huo hupunguzwa kwa nusu kwa kila ongezeko la desibeli 3, hivi kwamba kwenye desibeli 100 unabaki dakika 15. Vizibo vya masikio viwepo kwa mshindani na kwa msaidizi wake, na watoto wasiruhusiwe kusogelea magari yanayopimwa.

Kitabu cha picha

Jaji hutoa alama kwa kile alichokiona, na sehemu kubwa ya kazi nzuri ya ufungaji imefichwa chini ya zulia na nyuma ya paneli. Kwa hiyo mshindani huandaa kitabu cha picha zilizopigwa wakati kazi ikiendelea, kabla ya kitu chochote kufunikwa: fyuzi kuu ikiwa na futi ya kupimia iliyolazwa kando ya waya ili sentimeta zisomeke, raba ikiwa kwenye tundu lake, chuma cha ethi kikiwa kimekwanguliwa na kisha kikiwa kimekazwa, bolti za boksi zikionekana kutoka chini ya gari. Picha ya ethi iliyokwisha kupakwa rangi haimthibitishii jaji lolote. Ni ile iliyotangulia ndiyo yenye thamani. Pamoja na picha huwekwa mchoro wa nyaya unaoonyesha kila fyuzi na ampea zake, kila waya na unene wake, ukiwa umechorwa kwa mstari safi kiasi kwamba fundi mgeni angeweza kulifungua gari na kulirudisha bila kuuliza. Muda wa kujieleza ni mfupi, kwa hiyo maelezo huanzia kwenye betri na kufuata njia ya umeme hadi kwenye spika, naye mshindani asome ampea na sentimeta kutoka kitabuni mwake badala ya kukisia.

Siku chache kabla ya mashindano, viungo vyote vya umeme hukazwa upya, kwa kuwa nyuzi za shaba zilizobanwa hujipanga na kulegea kidogo baada ya kupata joto na kupoa mara kadhaa. Kichwa cha hasi cha betri hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi wakati wa kukaza chanya isipige shoti. Baada ya saa moja ya muziki mzito, mkono hupitishwa juu ya kila kiungo, kila kishikizo cha fyuzi na kila pete ya waya, na mahali penye joto kuliko waya unaopazunguka hufunguliwa, husafishwa na kubanwa tena. Mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu, uliokaguliwa na ambao muda wake haujapita, hufungwa mahali ambapo mkono wa dereva unaufikia akiwa ameketi.